Uvuvi wa Nyavu wa Asili Katika Pwani ya Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, wageni, watumishi wapya wa sekta ya uvuvi na watoto wa pwani wanaoishi mbali na bahari, ambao huuliza maswali yale yale kila wanapoona nyavu zimeanikwa mchangani. Nimezaliwa Mikindani katika nyumba ya wavuvi. Sikuwahi kuwa nahodha, lakini nimevuta kamba, nimebeba maboya na nimeketi chini ya mti wa mkungu nikiwashikia wazee uzi. Pale ninapotoa maoni yangu, nitasema wazi kwamba ni yangu.

Wavuvi wanaozungumziwa hapa ni akina nani, na wanaishi wapi?

Ukitoka kaskazini, pwani ya mkoa wa Lindi inapita Somanga, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko pamoja na visiwa vya Songo Songo, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisha inateremka hadi Mchinga, Lindi mjini na Sudi. Mkoa wa Mtwara unapokea kuanzia Mgao na Naumbu, ukaja Mikindani, Mtwara mjini na Msanga Mkuu, halafu Msimbati na vijiji vya Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Wanaovua humo ni Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wamachinga na Wamatumbi, pamoja na familia nyingi zinazojiita Waswahili tu kwa sababu zimechanganyika kwa vizazi kadhaa. Chomboni kabila haliulizwi, huulizwa kama mtu anaijua kazi. Wengi wao wana shamba pia, la mihogo, minazi au mikorosho, na wapo wanaoishi na bahari miezi sita na shamba miezi sita.

Bahari yenyewe haifanani kote. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki kuvuka Bahari ya Hindi hugonga pwani ya Afrika maeneo ya Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji, kisha hugawanyika, tawi moja likapanda kaskazini na jingine likashuka kusini. Upande wa Msimbati kina kirefu kiko karibu na nchi kavu, hivyo mvuvi hukutana na nguru na jodari bila kwenda mbali. Upande wa Songo Songo kuna matumbawe na mafungu ya mchanga yaliyotandaa, na maji hubaki mafupi kwa eneo kubwa. Kwa sababu hiyo nyavu za Kilwa na za Msimbati hazipangwi kwa namna moja, na mtu aliyejifunza kazi upande mmoja hulazimika kujifunza upya akihamia upande wa pili.

Kwa nini wengine husema «wavu» na wengine «nyavu»?

Kitabuni ni wavu mmoja na nyavu nyingi. Ufukweni utasikia «nyavu hii», «nyavu yangu imechanika», na aliyesema hivyo hajakosea mbele ya wenzake. Katika majibu haya nafuata kitabu, isipokuwa ninapotaja aina ya wavu kwa jina lake la kazi, kama vile nyavu ya kuzama.

Kabla ya nailoni, nyavu zilitengenezwa kwa kitu gani?

Uzi ulikuwa wa pamba, na kamba za kuubeba wavu zilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Makumbi yalifukiwa kwenye tope la pwani, mahali maji yanapojaa na kupwa, yakaachwa yaoze kwa miezi, kisha wanawake waliyafukua, wakayapondaponda na kuyasokota juu ya paja. Maboya yalikuwa vipande vya mti mwepesi, na chubwi, yaani vizito vya kuuzamisha wavu, zilikuwa mawe yaliyotobolewa au kufungwa. Pamba huoza upesi kwa maji ya chumvi, kwa hiyo wavuvi walichemsha magome ya mkandaa na kuzitumbukiza nyavu humo mpaka zikageuka rangi ya kahawia iliyoiva. Hata hivyo wavu ulihitaji kuanikwa kila uliporudi, na ndiyo sababu vijiji vya zamani vilikuwa na miti ya kuanikia nyavu iliyosimamishwa ufukweni kwa safu.

Nailoni ilipoenea, katika nusu ya pili ya karne ya 20, kazi hiyo yote ikapungua. Wavu ukawa mwepesi na ukadumu miaka mingi zaidi. Lakini wavu wa pamba uliopotea baharini ulioza ukaisha, na wa nailoni hauozi. Hubaki umenasa kwenye mwamba na kuendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Nadhani hasara hiyo haizungumzwi vya kutosha.

Wavu uliochanika unashonwaje?

Swali hili huulizwa na watoto zaidi ya watu wazima, nami nalipenda. Mshonaji huanza kwa kukata. Anayetazama mara ya kwanza hushtuka kuona tundu dogo likigeuzwa kuwa kubwa, lakini fundi huondoa macho yote, yaani matundu ya wavu, yaliyolegea mpaka afikie fundo zima, kwa kuwa uzi mpya ukifungwa kwenye fundo bovu utaachia siku ya samaki wengi. Mjomba wangu alishika ukingo wa wavu kwa kidole gumba cha mguu, akaukaza, sindano ya mti iliyojaa uzi ikiwa mkono wa kulia na kibao cha kupimia jicho mkono wa kushoto. Aliuzungusha uzi kwenye kibao, akaupitisha nyuma ya jicho la juu, akaubana kwa gumba, akapiga fundo na kulikaza kwa mvuto mmoja mfupi uliotoa mlio. Kibao ndicho siri ya kazi nzima, maana jicho moja likizidi upana wa kibao uzito wa wavu huegemea upande mmoja, na siku ya pili utachanika palepale. Alikuwa akituambia, «Mwanangu, usishone kwa macho, shona kwa kibao.»

Jarife ni nini, na linategwaje?

Jarife ni wavu wenye macho makubwa uliokusudiwa samaki wakubwa: papa, taa, na kwa baadhi ya majarife nguru na jodari. Ni wavu wa kutega, yaani haukokotwi wala hauzungushwi. Unasimama majini kama ukuta na kumsubiri samaki aje mwenyewe. Kamba ya juu ina maboya na ya chini ina risasi au mawe. Uzito ukizidi, wavu huketi chini na huitwa nyavu ya kuzama. Maboya yakizidi, wavu huning'inia karibu na uso wa maji na huitwa nyavu ya kuelea, nao huachiwa uende na mkondo huku chombo kikiwa kimefungwa kwenye ncha yake moja.

Kazi hufanywa usiku kwa sababu mchana samaki huuona uzi. Chombo hutoka alasiri, na jua linapotua nahodha anakuwa amefika mahali anapopatambua kwa alama za nchi kavu: mnazi fulani ukilingana na kilima fulani, au mnara wa simu ukitokea nyuma ya rasi. Wavu hushushwa taratibu, mmoja akipiga makasia, mmoja akitoa maboya na mwingine akitoa risasi, na anayetoa risasi hatakiwi kuvaa pete wala saa, kwani uzi ukimnasa atazama nao. Kisha husubiri. Baadhi ya majarife ya kuzama huachwa na nanga na boya lenye bendera, yakafuatwa alfajiri.

Mwaka mmoja jarife la mjomba lilikatwa usiku na chombo kikubwa kilichopita bila kupunguza mwendo. Kilichorudi nyumbani ni theluthi yake. Alikaa msimu mzima akivua kwa mshipi kama kijana anayeanza, na deni la uzi alilimaliza baada ya mavuno mawili ya korosho. Wavu ni mtaji wote wa nyumba, nao unalala nje usiku peke yake.

Jarife lina lawama zake pia. Halichagui kati ya papa na kasa, na kasa aliyenaswa asipoweza kupanda juu kuvuta pumzi hufa. Nguva naye, ambaye amekuwa nadra mno na ambaye wachache waliobaki nchini wanajulikana zaidi kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, hunaswa hivyo hivyo. Katika maji ya kina kirefu jarife limewahi pia kutoa mambo ya ajabu. Mwaka 2003, karibu na Songo Mnara, alipatikana silikanti wa kwanza kuthibitishwa katika maji ya Tanzania, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Wengi waliofuata, hasa Tanga, walitoka kwenye majarife yaliyotegwa ndani sana.

Juya linavutwaje, na kwa nini limepigwa marufuku?

Juya, ambalo maofisa wengi huliita kokoro, ni wavu mrefu wenye mbawa mbili na mfuko katikati. Ncha moja ya kamba huachwa ufukweni mikononi mwa watu, mtumbwi ukatoka nayo ukizunguka nusu duara na kumwaga wavu, kisha ukarudi nchi kavu mbele kidogo na ncha ya pili. Hapo makundi mawili huanza kuvuta yakisogeleana polepole, watu kumi au ishirini, miguu imezama mchangani na viwiliwili vimeegemea nyuma, mmoja akiimba na wengine wakimwitikia ili mivuto iende pamoja. Mbawa zinapokaribia, vijana wawili huingia majini kuikanyaga kamba ya chini ili samaki wasipenye. Mfuko ukipanda maji hugeuka meupe kwa samaki wanaorukaruka. Mzee aliyekuwa akipita njia akashika kamba, hata kwa dakika tano, haondoki mikono mitupu, hupewa kitoweo. Katika kijiji chenye wajane na wagonjwa, desturi hiyo ilikuwa na maana kubwa, na ninaikumbuka kwa mapenzi.

Pamoja na hayo yote, marufuku ina sababu ya haki. Kamba ya chini hulima nyasi za baharini, mahali tasi na changu wanapokulia, na huvunja matumbawe machanga. Mfuko wenye macho madogo huzoa watoto wa samaki wasiofikia hata urefu wa kidole. Nimeona kwa macho yangu ndoo nzima ya changu wachanga ikiuzwa kwa bei ambayo changu mmoja mkubwa angeizidi. Juya la zamani la uzi wa pamba lilikuwa fupi, lilivutwa siku chache za mwezi, na vijiji vilikuwa vichache. Juya la nailoni linavutwa kila siku kwenye fukwe zile zile, na bahari hulipa gharama hiyo.

Kimia bado kinatumika?

Kinatumika, ingawa wanaokijua wanapungua. Ni wavu wa duara wenye risasi pembeni, unaorushwa na mtu mmoja aliyesimama kwenye maji ya kiunoni au kwenye mtumbwi, hasa katika mito ya mikoko, kuwapata mkizi, chuchunge na kamba. Ukirushwa vizuri hufunguka hewani kama mwavuli; ukirushwa vibaya huanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba, na samaki wote hukimbia.

Je, wanawake huvua kwa nyavu?

Ndiyo, na jambo hili limeachwa nje ya maandishi mengi kwa sababu waandishi walihesabu vyombo na mabaharia, wakawasahau watu wanaovua kwa miguu. Uvuvi wao unaitwa kutanda. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake hutoka kwa makundi, mara nyingi ndugu, mawifi na majirani, wakiwa na vitambaa vyepesi vilivyoungwa, kama vile kanga kuukuu. Wawili hushika ncha za kitambaa wakakitandaza chini ya maji yanayofika magotini, wengine huzunguka mbele wakipigapiga maji kuwasukuma uduvi na vidagaa, na kwa ishara moja kitambaa huinuliwa. Maji huchuja, na kinachobaki hung'ara kama konzi ya mchele. Huingizwa ndooni, na kitambaa hutandwa tena hatua chache mbele. Saa mbili au tatu zinapita hivyo, huku jicho moja likiangalia maji yasije yakajaa nyuma yao na kuwatenga na nchi kavu.

Uduvi hupikwa siku hiyo kwa nazi au huanikwa na kuhifadhiwa, na ndio mboga ya nyumba nyingi wakati chombo hakikutoka. Tatizo la sasa ni kwamba chandarua kimechukua nafasi ya kanga. Matundu yake ni madogo mno, uzi wake haulegei, na humkamata kila kiumbe aliyemo kwenye nyasi. Sheria inakataza kuvulia chandarua, nami sipingi. Ninaloliomba ni kwamba ofisa anayemnyang'anya mwanamke chandarua afahamu kuwa amegusa chakula cha watoto jioni ile, na kwamba onyo peke yake bila njia nyingine ya kupata mboga halijibu kitu.

Baada ya samaki kufika nchi kavu, kazi ya wanawake inaongezeka. Mama karanga, yaani wanawake wakaangaji wa samaki, hununua mnadani, wakakaanga na kuuza vijijini, na wengine hupasua samaki, wakawatia chumvi na kuwaanika kuwa ng'onda. Ng'onda ndio wanaosafiri kwenda Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, na msimu wa korosho, wakulima wanapolipwa, biashara hiyo huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Dagaa wanavuliwaje usiku?

Kwa taa. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, siku hizi ni balbu zinazotumia betri na sola. Taa huwekwa kwenye mtumbwi mdogo au kichelezo, dagaa huifuata, na baada ya muda wavu mrefu huzungushwa kulizingira kundi zima na kufungwa chini. Wavuvi huuita ringi. Kazi hii haiendi wakati mwezi ni mpevu, kwa kuwa bahari yote inakuwa na mwanga na taa haina la kuongeza. Siku hizo ndipo nyavu hushonwa, injini hutengenezwa na ndoa hufungwa.

Mvuvi anajuaje siku ya kutoka?

Huhesabu mwezi na kunusa upepo, ingawa kijana wa leo huongeza simu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hufikia mita tatu na zaidi na mkondo huwa mkali. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Wanaotanda na wanaovuta wavu wa pwani huitaka bamvua. Mwenye jarife la kuzama anaweza kuyapendelea maji mafu, kwa sababu mkondo mkali huulaza wavu chini au huujaza majani.

Upepo hugawa mwaka. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, huacha siku nyingi za bahari tulivu. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, huvuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, na ngalawa nyingi hubaki ndani ya ghuba. Katikati ni maleleji, upepo usio na mwelekeo, ambao wazee huupenda kwa mtoko wa mbali. Vimbunga vikali ni adimu huku kwetu lakini si hadithi: Lindi ilipigwa mwaka 1952, Kenneth kikapita karibu na Mtwara Aprili 2019, na Hidaya kikafika pwani ya Tanzania Mei 2024. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likitoka, mtu asiliweke kwenye mizani na uzoefu wake.

Ijumaa vyombo vingi havitoki kabla ya sala, na vingine havitoki kabisa.

Mapato yanagawanywaje?

Hutofautiana kijiji kwa kijiji na wavu kwa wavu, lakini mpangilio wake unafanana. Kwanza hutolewa kitoweo cha kila mtu kwenda nacho nyumbani. Samaki waliobaki huuzwa mnadani. Fedha ikishapatikana hutolewa gharama za mtoko: mafuta, barafu, chakula. Baki hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la wavu, fungu la injini kama ipo, na mafungu ya mabaharia, nahodha akizidishiwa kidogo. Kama chombo, wavu na injini ni vya tajiri mmoja, anachukua mafungu yote hayo, na baharia hubaki na kidogo sana. Ndiyo maana kila kijana huota kumiliki angalau vipande viwili vya wavu vyake mwenyewe, ili aviunganishe na vya wenzake na ahesabiwe kwenye fungu la wavu. Katika kuunganisha vipande vya watu watano kuwa wavu mmoja kuna ushirika wa kweli, nao unahitaji kuaminiana kuliko mkataba wowote wa karatasi.

Dago ni nini?

Ni kambi ya muda ya wavuvi waliohama kufuata samaki. Hujenga vibanda vya makuti kwenye kisiwa au ufukwe usio na kijiji, wakakaa wiki au miezi, wakivua na kuanika. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana pwani nzima kwa dago, na hufika mpaka kwetu. Wa kwetu nao kwa miaka mingi wamevuka kwenda pwani ya Msumbiji, ingawa vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimeifanya safari hiyo kuwa ya hatari. Desturi ni mgeni kujitambulisha kwa wenyeji kabla ya kushusha wavu. Ugomvi mwingi wa dago nilioushuhudia ulianzia kwenye salamu ambayo haikutolewa, ukakuzwa na wavu wenye macho madogo kuliko wanaoruhusu wenyeji.

Baruti iliwaathiri vipi wavuvi wa nyavu?

Iliwaathiri kuliko mtu mwingine yeyote. Tangu miaka ya 1960 mikoa hii miwili iliteswa na uvuvi wa baruti. Mlipuko huua samaki wote, wakubwa na wachanga, wengi wao huzama bila kuokotwa, na matumbawe yaliyochukua miongo kukua hubaki kifusi. Mwenye wavu anayefika hapo baadaye hukuta mahali pametulia kama kaburi. Katika miaka ya 1990 vijiji vya pwani ya Mtwara, Lindi na Kilwa viliungana katika umoja ulioitwa SHIRIKISHO, wavuvi wenyewe wakatoka kupinga baruti, wakataja wahusika hadharani na kuibana Serikali mpaka mwishoni mwa muongo huo wanamaji wakaletwa. Baruti ilirudi baadaye, na ikapungua tena kwa doria za nusu ya pili ya miaka ya 2010. Wanaoandika kwamba uhifadhi ni wazo lililoletwa na wageni wangesikiliza wazee wa SHIRIKISHO kwanza.

Sheria inasemaje, na ni nani anayeisimamia?

Sheria kuu ni Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009. Zinakataza baruti, sumu ikiwemo utupa, makokoro, na nyavu za uzi mmoja zisizosokotwa, ambazo samaki hawazioni majini. Chombo kinatakiwa kusajiliwa na mvuvi awe na leseni. Vijijini kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, ambavyo huweka kanuni ndogo, hushiriki doria na kuandika takwimu za samaki wanaoshushwa.

Mtwara ina jambo la ziada. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, nayo ina kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji vyenye watu ndani yake. Imegawanywa katika kanda, na aina ya wavu unaoruhusiwa hutegemea kanda na ukaazi wa mvuvi. Mahusiano na wanavijiji hayakuwa mepesi siku zote. Maoni yangu ni kwamba penye makubaliano ya kubadilisha nyavu zenye macho madogo kwa zenye macho makubwa, kazi ilikwenda vizuri kuliko penye kuchoma nyavu tu. Mtu aliyechomewa wavu wake hununua mwingine wa bei rahisi, na wa bei rahisi ndio wenye macho madogo zaidi.

Nikitaka kwenda kujifunza, nianzie wapi?

Anza kwenye ofisi ya kijiji au mtaa, kisha umtafute mwenyekiti wa BMU, naye atakupeleka kwa nahodha. Asubuhi katika masoko ya samaki ya Mtwara mjini, Lindi na Kilwa Masoko, ambako jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa mwaka 2023, utaona vyombo vikirudi na mnada ukiendelea. Usipige picha kabla ya kuomba, usivuke wavu ulioanikwa kwa kuukanyaga, na usiulize «mmepata wangapi» kabla samaki hawajashushwa. Toa shikamoo, keti, shika ncha ya uzi ukipewa. Alasiri ni wakati mzuri zaidi kuliko asubuhi, kwa kuwa mnada umekwisha, wazee wako chini ya mkungu na sindano zao, na maji yanapojaa taratibu mtu huwa na nafasi ya kuzungumza.